Jua la Shambani na Ngozi ya Mfanyakazi: Daktari Anajibu Barua za Wasomaji

Tulipogusia kwa ufupi magonjwa ya ngozi katika toleo lililopita, sikutarajia kwamba barua nyingi zaidi zingetoka kwa watu wanaoshinda shambani: wapalilizi, wavunaji, madereva wa trekta, wasimamizi wa vibarua, na jamaa zao. Nimezisoma zote, nikachagua sita ambazo maswali yake yanajirudia katika nyingine, na nafasi yote ya safu hii nimeiacha kwa ajili yake. Barua nimezifupisha, ila hoja ni za wenyewe.

Daktari, ninasimamia vibarua wapatao 40 wanaopalilia na kuvuna. Mwenye shamba amekubali kununua krimu ya kukinga jua ili niwagawie kila asubuhi. Je, hilo linatosha kuwaepusha na saratani ya ngozi? — Msimamizi

Ndugu Msimamizi, nashukuru kusikia kwamba mwenye shamba yuko tayari kutoa fedha kwa ajili ya ngozi za watu wake, maana mashamba mengi hayajafika hata hapo. Hata hivyo naomba uniwie radhi nikisema kwamba mmeanzia mwisho. Kazi ya krimu ni kuziba mapengo ambayo saa ya kazi, kivuli na nguo zimeshindwa kuyaziba. Ikitangulizwa peke yake, watu hupaka kidogo asubuhi, jasho na vumbi huiondoa kabla jua halijapanda, kisha wanakaa chini ya jua la utosi wakiamini kwamba wamekingwa.

Tuelewane kwanza kuhusu ukubwa wa jambo lenyewe. Pamoja na mwanga na joto, jua hutoa mionzi ya urujuanimno, ambayo hatuioni wala hatuihisi, na mionzi hiyo huharibu vinasaba ndani ya seli za ngozi. Mwili hukarabati sehemu kubwa ya uharibifu huo, lakini si wote, na makosa yasiyorekebishwa hujilimbikiza mwaka baada ya mwaka hadi seli moja inapoanza kugawanyika bila kizuizi. Mwaka 1992 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka mwanga wa jua katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, kundi lile lile lenye moshi wa sigara. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio ya pamoja yanayoonyesha kwamba mwaka 2019 watu wapatao bilioni 1.6 walipigwa na mionzi hiyo wakiwa kazini, na kwamba karibu watu 19,000 katika nchi 183 walifariki mwaka huo kwa saratani za ngozi zisizo melanoma (melanoma ni ile inayoanzia kwenye seli zinazotengeneza rangi ya ngozi) zilizotokana na jua la kazini. Kwa hiyo jua ni hatari ya kazi, kama ilivyo sumu ya kunyunyizia au mashine isiyo na kizuizi, na anayepanga kazi ndiye mwenye uwezo mkubwa zaidi wa kuipunguza.

Uwezo huo unaanzia kwenye saa. Siku isiyo na mawingu, takriban asilimia 60 ya mionzi ya urujuanimno hutufikia kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Huhitaji kifaa chochote kuitambua saa hiyo: msimamishe mtu kwenye ardhi tambarare utazame kivuli chake, na kikiwa kifupi kuliko kimo chake, jua limefika mahali pa kuunguza. Usitumie joto kama kipimo, kwa sababu joto na mionzi ni vitu viwili tofauti. Wingu jepesi linaweza kupitisha zaidi ya asilimia 90 ya mionzi, na kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari huongeza mionzi kwa takriban asilimia 10, ndiyo maana mtu anayelima mlimani penye ubaridi anaweza kuungua kuliko mwenzake wa bondeni anayetokwa na jasho. Kupalilia na kuvuna kuanze alfajiri, mara tu mtu anapoweza kuona anachokishika. Kuchambua mazao, kufunga magunia, kunoa majembe na kutengeneza vifaa kuwekwe katikati ya mchana, chini ya paa. Kazi ya wazi irejewe alasiri.

Hapa nalazimika kusema jambo ambalo huenda lisimpendeze mwenye shamba. Ikiwa vibarua wako wanalipwa kwa kipande, yaani kwa idadi ya vikapu au mistari waliyomaliza, basi hata ukiwajengea banda zuri namna gani hawatalitumia, kwa sababu kila dakika ya kivulini ni pesa inayotoka mfukoni mwao. Nimewaona wavunaji wakinywa maji wakiwa wamesimama juani, hatua chache tu kutoka chini ya turubai lililofungwa kwa ajili yao, jicho likiwa kwenye kikapu. Hawakuwa wazembe wala wajinga. Walikuwa wanapiga hesabu. Mapumziko ya kivulini yaingizwe katika ujira, au kiwango cha kipande kipangwe upya kwa kuyazingatia, vinginevyo banda litabaki kuwa pambo.

Baada ya saa na kivuli huja nguo, na hapa nakuomba uwatazame watu wako wakiwa kazini kabla ya kuwanunulia chochote. Mtu aliyesimama wima hupigwa na jua utosini, puani na mabegani. Mpalilizi hasimami wima: ameinama, na sehemu inayotazama mbingu ni kisogo chake, nyuma ya masikio, na ule ukanda wa kiuno unaoachwa wazi shati linapopanda juu kila anapoinua jembe. Chepeo, ambayo ndiyo kofia niionayo zaidi mashambani, humkinga paji la uso tu, mahali ambapo kwa kuinama kwake tayari pana kivuli. Anachohitaji ni kofia yenye ukingo mpana kuzunguka pande zote, usiopungua sentimita 7.5, au kofia yenye kitambaa kinachoning'inia nyuma hadi mabegani. Shati liwe refu la kutosha kuchomekwa na kubaki limechomekwa, liwe na ukosi wa kusimama, na mikono ifike kwenye vifundo bila kukunjwa.

Kuhusu kitambaa chenyewe, linyanyue shati ulielekeze kwenye mwanga. Ukiuona mwanga ukichungulia katikati ya nyuzi, basi na mionzi inapita humo humo. Fulana nyepesi nyeupe ya pamba hukinga kidogo, na ikilowa jasho hukinga kidogo zaidi. Kitambaa kilichofumwa kwa kushonana, chenye rangi iliyokolea kiasi, hukinga vizuri hata kikiwa hakina uzito. Wapo watakaolalamika kwamba mikono mirefu inaongeza joto, na malalamiko hayo ni ya haki iwapo nguo inabana. Ikiwa pana, hewa hupita kati yake na ngozi, na jua haliufikii mwili moja kwa moja. Maji yawe karibu, na kila mtu anywe takriban kikombe kimoja kila baada ya dakika 15 hadi 20 wakati wa joto kali bila kungoja kiu.

Sasa tuirudie krimu, kwa sababu sikusudii kuidharau. Katika mji wa Nambour, Australia, watu wazima zaidi ya 1,600 walifuatiliwa kwa miaka kadhaa kuanzia mwaka 1992, na waliopewa krimu ya kupaka kila siku walipata uvimbe wa saratani ya seli za skwamasi, yaani seli bapa za tabaka la juu la ngozi, pungufu kwa takriban asilimia 40 kuliko wenzao walioachiwa uamuzi wao. Inafanya kazi, ilimradi ipakwe kwa kiasi chake. Uso, masikio na shingo vinahitaji kijiko kimoja kidogo cha chai, na kila mkono ulio wazi kijiko kingine, kiasi cha mililita 15 kwa mtu mmoja. Kwa watu 40 hizo ni mililita 600 kwa kupaka mara moja tu, nayo hurudiwa kila baada ya saa mbili. Ukiwavisha mashati ya mikono mirefu, kiasi hicho kinapungua hadi karibu nusu, kwa kuwa zinabaki uso, shingo, masikio na viganja kwa upande wa juu. Umeona jinsi shati linavyookoa krimu? Chagua yenye kinga ya namba 30 au zaidi, inayozuia mionzi ya urujuanimno ya aina zote mbili, mifupi na mirefu, na isiyotoka upesi kwa jasho, ipakwe kama dakika 20 kabla ya kutoka. Na kabla ya kupaka, mikono ioshwe kwa sabuni: kibarua aliyetoka kushika dawa ya wadudu akijipaka usoni bila kunawa, anajipaka na sumu pamoja.

Shikamoo daktari. Mimi ni kijana mweusi kabisa, nalima tangu utotoni. Wenzangu wananicheka nikivaa kofia pana, wakisema saratani ya ngozi ni ya wazungu. Ni kweli? — Mkulima kijana

Marahaba mwanangu. Wenzako wameshika nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli katika jambo la afya inaweza kumfanya mtu achelewe kutafuta tiba.

Nusu yao ni hii: rangi yetu ni kinga halisi. Melanini iliyomo kwenye ngozi nyeusi hufyonza na kutawanya mionzi ya urujuanimno, na vipimo vilivyofanywa miaka ya 1970 vilionyesha kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi hukinga kwa kiwango kinacholingana na krimu ya namba 13 hivi, ilhali ngozi nyeupe hukinga kwa namba 3 hivi. Ndiyo sababu saratani za ngozi zinazotokana na jua ni chache mno kwetu ukilinganisha na watu weupe wa Australia au Ulaya. Sitakutisha kwa kukuambia kwamba hatari yako ni sawa na yao, kwa kuwa si kweli.

Nusu waliyoiacha ina mambo mawili. Kwanza, jua haliishii kwenye saratani. Huunguza ngozi nyeusi pia, ingawa wekundu hauonekani na mtu hujua tu kwa kuwashwa na kubambuka. Huacha madoa, huzeesha, na huyaumiza macho, ambayo rangi ya ngozi haiyakingi. Mtoto wa jicho huchangiwa na mionzi hii, na kile kinyama kinachoota kutoka pembeni ya jicho kuelekea kwenye mboni hupatikana sana kwa watu wa jua, vumbi na upepo. Kofia yako pana inafunika macho kuliko unavyodhani, na ukiweza kuongeza miwani inayozuia asilimia 99 hadi 100 ya mionzi ya urujuanimno, utakuwa umefanya vyema zaidi. Weusi wa kioo si kipimo. Soma maandishi yaliyobandikwa.

Pili, watu weusi wanapopata saratani ya ngozi, mara nyingi inaota mahali ambapo hakuna anayepatazama na kwa sababu ambazo si za jua. Saratani ya seli za skwamasi hupenda kuota kwenye kovu la zamani la moto au kwenye kidonda cha mguu kilichokaa miaka bila kufunga. Melanoma nayo huchagua nyayo, viganja na chini ya kucha. Bob Marley aligunduliwa mwaka 1977 kuwa na melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu, akafariki tarehe 11 Mei 1981 akiwa na umri wa miaka 36. Mkulima hujigonga vidole kwa jembe kila mara, kwa hiyo ni rahisi sana kuudhania mstari mweusi ukuchani kuwa damu iliyovia. Damu iliyovia husogea mbele pamoja na ukucha unavyokua. Mstari usiosogea, au unaopanuka, au unaotia weusi kwenye nyama iliyo kando ya ukucha, upelekwe kwa daktari.

Niongeze neno kwa dada na kaka wanaofanya kazi shambani huku wakitumia krimu za kujichubua. Wanaivua kwa mkono wao kinga ile niliyoisifu hapo juu, kisha wanatoka kwenda kusimama juani kutwa nzima. Naomba waache, na wanaoona ugumu kuacha kwa sababu ya madoa wamwone daktari wa ngozi, kwa kuwa madoa yana matibabu salama.

Wewe endelea na kofia yako.

Daktari, binti yangu ana miaka 17 na ana ualbino. Anasisitiza kwenda shambani na ndugu zake, anasema hataki kufanywa yai. Mimi naogopa. Nimkatalie? — Mama

Mama mpendwa, hofu yako ina msingi, na nitakueleza yote bila kupunguza. Lakini naona pia kwamba binti yako hakuomba jambo baya. Ameomba kuwa mmoja wa nyumba yake.

Kwa mwenye ualbino, melanini ni kidogo sana au haipo, kwa hiyo ngozi inaweza kuungua kwa dakika ambazo nduguye hata hajaanza kuhisi joto. Barani Afrika saratani ya ngozi ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya mapema vya watu wenye ualbino, na nyingi kati yake ni za seli za skwamasi, zinazoota usoni, masikioni, shingoni na kwenye mikono, wakati mwingine mtu akiwa bado kijana wa miaka ya ishirini. Hazitokei kwa ghafla. Zinatanguliwa na mabaka makavu yenye magamba ambayo ukiyapapasa yanakwaruza kama msasa, na mabaka hayo yanaweza kuondolewa kwa kugandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika au kwa dawa ya kupaka kabla hayajageuka. Ndiyo sababu binti yako anapaswa kuonwa na mtaalamu wa ngozi angalau kila baada ya miezi sita, hata akiwa hana tatizo lolote analoliona, na akipatwa na kidonda asingoje miadi.

Kuhusu shamba lenyewe, ushauri wangu ni kwamba asifanye kazi ya wazi saa za jua lililopanda, siku yoyote, iwe ya mawingu au ya ubaridi. Katika hili sitalegeza. Zimebaki saa nyingine na kazi nyingine zenye uzito wa kweli: kitalu cha miche chini ya wavu wa kivuli, banda la mifugo, kuchambua mbegu, kutunza hesabu za mauzo, na hata kumwagilia wakati jua halijachomoza. Mkabidhi mojawapo iwe yake kamili, aamue na aulizwe yeye, isije ikawa ni kibarua cha kumpoza. Anapotoka, mavazi yamfunike hadi vifundoni, kofia iwe ya ukingo mpana, na krimu ya namba 50 ipakwe kila siku, midomo ikiwa pamoja. Kwa wafanyakazi wengine niliiweka krimu mwisho. Kwa binti yako ni dawa, haina tofauti na dawa ya mgonjwa wa moyo, na isikosekane nyumbani kwa kudhaniwa kuwa ni kipodozi. Kwa sababu anakwepa jua, mwulizeni daktari pia kuhusu vitamini D ya vidonge.

Macho yake nayo huumizwa na mwanga mkali, hivyo miwani ipimwe na mtaalamu. Na umpe barua hii aisome mwenyewe. Mtu wa miaka 17 anayeelewa sababu hujilinda hata pale mama asipokuwepo.

Nimeendesha trekta kwa miaka 23, siku hizi lenye kibanda cha vioo. Shavu langu la upande wa dirisha limekunjamana kuliko la pili. Kioo si kinga? Tena natumia haidroklorothiazaidi kwa ajili ya shinikizo la damu, na karatasi ya dawa inataja jua. — Dereva

Ndugu Dereva, umejitazama vizuri kuliko wengi wanavyojitazama. Kioo cha kawaida cha pembeni huzuia mionzi mifupi ya urujuanimno, ile inayounguza, ndiyo maana hukuwahi kubabuka. Lakini hupitisha sehemu kubwa ya mionzi mirefu, ambayo huingia ndani zaidi ya ngozi na kuizeesha. Mwaka 2012 jarida moja la kitabibu la Marekani lilichapisha picha ya dereva wa lori mwenye umri wa miaka 69, aliyekuwa ameendesha kwa miaka 28: nusu moja ya uso, ile ya upande wa dirisha, ilikuwa na mikunjo mizito, na nusu nyingine ilionekana ni ya mtu mdogo kwake kwa miaka mingi. Kioo cha mbele kwa kawaida huwa na tabaka la plastiki ndani yake na huzuia zaidi. Dirisha la pembeni liwekewe utando unaozuia mionzi ya urujuanimno, nawe uvae mikono mirefu ndani ya kibanda kama ungekuwa nje.

Dawa yako ina habari ya kweli. Haidroklorothiazaidi huifanya ngozi iwe nyepesi kudhurika na jua, na mwaka 2018 wasimamizi wa dawa wa Ulaya walitoa tahadhari kwamba matumizi yake ya muda mrefu yanaambatana na ongezeko la saratani za ngozi zisizo melanoma. Lakini usiiache kwa uamuzi wako, kwa sababu kiharusi hakingoji. Nenda kwa daktari anayekupimia presha, mweleze kazi yako na miaka uliyoifanya, na mwulize kama kuna dawa mbadala inayokufaa. Wengine wanaosoma hapa wajue kwamba doksisaiklini, ambayo ni antibiotiki, na baadhi ya dawa za salfa nazo huleta ukali huo wa jua, kwa hiyo kila mfanyakazi wa nje anapoandikiwa dawa mpya aulize.

Baada ya kuvuna ndimu, mikono yangu ilitokwa na malengelenge, kisha yakabaki mabaka meusi yenye umbo la michirizi. Ni mzio? — Mvunaji

Si mzio. Maji ya ndimu, utomvu wa mtini, na majimaji ya mimea ya jamii ya seleri yana kemikali ambazo zikikaa kwenye ngozi kisha zikapigwa na jua huiunguza, na michirizi uliyoiona ni njia ambayo majimaji yalipita yakitiririka. Mara nyingi malengelenge hutokea siku moja au mbili baadaye, kwa hiyo watu hukosa kuunganisha chanzo na matokeo. Vaa glavu na mikono mirefu, nawa kwa sabuni na maji mara tu unaporukiwa, kabla ya kurudi juani. Mabaka hayo hufifia yenyewe kwa miezi kadhaa. Yafunike ili jua lisiyakoleze.

Baba yangu mzazi, mkulima mwenye umri wa miaka 68, ana kidonda kidogo juu ya sikio kwa mwezi wa tano sasa. Kinakauka, gamba linatoka, kinavuja damu, kinakauka tena. Anasema alikwaruzwa na tawi na hataki kwenda hospitali wakati huu wa kazi. Nimsikilize? — Binti yake

Binti yangu, katika hili usimsikilize, ila mfikie kwa upole.

Mkwaruzo wa tawi hupona ndani ya wiki mbili au tatu. Kidonda kisichopona kwa wiki nne, au kinachofunga na kufunguka tena mahali pale pale, kinastahili kuonwa na daktari, na kikiwa sikioni au kwenye mdomo wa chini kiharakishwe zaidi, kwa sababu saratani ya seli za skwamasi ya sehemu hizo husambaa kwa urahisi kuliko ya sehemu nyingine za mwili. Sijasema kwamba baba yako ana saratani; siwezi kulijua hilo kwa barua. Nasema kwamba maelezo yako yanafanana mno na ya mzee mmoja niliyemtibu, ambaye kila asubuhi alipojifuta uso taulo lilikuwa likibandua gamba la juu ya sikio, naye kwa karibu mwaka mzima alilichukulia taulo kuwa ndilo lenye kosa, akabadilisha mataulo matatu. Kilichomleta hatimaye ni mke wake, aliyekuwa amechoka kufua doa la damu kwenye foronya.

Kabla ya kwenda, mkague baba mwili mzima kwenye mwanga wa asubuhi, kwa sababu mwenye kidonda kimoja cha jua mara nyingi ana kingine. Tazama upara au utosi, nyuma ya masikio, kisogo, mdomo wa chini, na mikono kwa juu. Papasa kwa ncha ya kidole, maana mabaka yenye magamba hugundulika kwa kidole kabla ya jicho. Tafuta pia kinundu kinachong'aa kama lulu chenye mishipa midogo juu yake, ambacho kinaweza kuwa saratani ya seli za basali (zile zilizo chini kabisa katika tabaka la juu la ngozi), na alama nyeusi isiyolingana pande zake, yenye kingo zisizonyooka, yenye rangi zaidi ya moja, iliyozidi milimita 6, au inayobadilika. Hili la kubadilika ndilo ninalolipa uzito kuliko yote.

Mkifika, usiseme tu kwamba ana kidonda. Sema kina miezi mitano, kimefunga na kufunguka mara ngapi, na kwamba amefanya kazi juani maisha yake yote. Mkipewa dawa ya kupaka na kuambiwa mrudi nyumbani, ulizeni kwa adabu kama kipande kidogo kinaweza kukatwa na kupelekwa maabara, kwa kuwa bila kipimo hicho hakuna anayeweza kuwa na hakika. Mweleze baba kwamba kukata kipande hicho hufanywa kwa ganzi ya pale pale, na atarudi nyumbani siku ile ile. Kidonda kikiwa ni saratani na kikiwa bado kidogo, upasuaji wa kukiondoa mara nyingi humaliza kazi. Kama hoja yake ni mavuno, mwambie kuwa kipimo kitamgharimu siku moja ya shamba. Majibu yakitoka, niandikie tena.